Karani, Kapita na Kiongozi: Shule za Bagira Zimetoka Wapi

Ukisimama asubuhi na mapema kando ya njia za Bagira, utaona watoto wakishuka na wengine wakipanda, mashati meupe, kaptura na sketi za bluu, madaftari mkononi. Hawaingii wote mlango mmoja. Huyu anakwenda shule ya serikali, yule anakwenda shule ya mapatano inayoongozwa na Kanisa, na mwingine anakwenda shule ya binafsi iliyoanzishwa na wazazi au na mwalimu mwenye moyo. Na katika hizo za binafsi, zimo zinazosema waziwazi: Sisi hatufundishi kusoma, kuandika na kuhesabu tu, twafundisha pia uongozi na ujasiriamali, tangu darasa la kwanza mpaka mwaka wa nane.

Mzazi akisikia maneno hayo hutikisa kichwa. Mtoto wa miaka 8 atamwongoza nani? Ataanzisha kazi gani, naye hajui hata kufunga kamba za viatu? Wengine hudhani ni maneno mapya yaliyoletwa na wageni, ya kupamba ukuta wa shule na kupandisha ada.

Ndugu wasomaji, maneno ni mapya, lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko Bagira. Tangu shule ya kwanza ya misheni ilipofunguliwa katika nchi ya Bushi, watu wamekuwa wakiulizana: mtoto asomeshwe ili awe nani? Awe karani wa mtu mwingine? Awe kapita, yaani mtu anayewasimamia wenzake kwa amri ya bwana mkubwa? Au awe kiongozi, mtu anayeona shida ya wenzake, akafikiri, akaanza kazi, na kisha akatoa hesabu mbele yao? Tukiifuata historia hatua kwa hatua, tutaona kwamba majibu matatu hayo yote yamejaribiwa, na kila moja limeacha alama yake.

Mwaka 1906

Mwaka 1906 mambo mawili yalitokea, moja mbali na moja karibu. La mbali ni hili: tarehe 26 Mei mwaka huo, Baba Mtakatifu na serikali ya Mfalme Leopold II waliandikiana mapatano juu ya misheni za Kongo. Serikali iliahidi kuipa kila misheni shamba la hektari 100, au 200 mahali palipohitajika, bila malipo. Nayo misheni ilipaswa, kwa kadiri ilivyoweza, kufungua shule kwa wenyeji. Mapatano hayo yalitaja hata mambo ya kufundishwa: hasa kilimo, utunzaji wa misitu, na kazi za mikono.

La karibu ni kwamba mwaka huo huo Mapadre Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie aliyeanzisha shirika lao Algiers mwaka 1868, walianza misheni ya Nyangezi, kusini ya mahali palipo Bukavu leo. Kutoka Nyangezi na vituo vilivyofuata, shule zilitambaa juu ya vilima kama miche ya viazi: banda la nyasi, ubao mmoja, katekista mmoja, na watoto waliokaa chini.

Hebu tuangalie vizuri yale mapatano. Watu wengi husema kwamba shule za zamani zilifundisha vitabu tu na kwamba kazi ni jambo la leo. Sivyo. Kazi iliandikwa katika mkataba wa kwanza kabisa. Watoto walilima bustani ya misheni, walifyatua matofali, walipasua mbao, walijifunza kushona na kuchonga. Makanisa mengi ya kale yanayosimama mpaka leo katika nchi yetu yalijengwa kwa ufundi uliofunzwa hivyo. Seremala mwema na mwashi mwema walitoka katika shule hizo, wakapata heshima yao.

Lakini kitu kimoja hakikuandikwa katika mapatano. Haikusemwa ni nani atakayeamua kipandwe nini, kiuzwe kwa bei gani, na faida iende wapi. Mtoto alijifunza kushika jembe. Kushika daftari la hesabu ya shamba hakujifunza. Kazi ilifundishwa, uamuzi ulibaki kwa mkubwa. Hapo ndipo mzizi wa neno letu ulipo.

Wageni waliokuja kutazama shule

Baada ya vita vya 1914 mpaka 1918, watu wa Ulaya na Marekani walianza kuulizana kama shule za Afrika zafaa. Mfuko mmoja wa Marekani uitwao Phelps-Stokes ulituma wajumbe kuzunguka nchi nyingi za Afrika mwaka 1920 na 1921, na Kongo ya Wabelgiji ilikuwa mojawapo. Kati ya wajumbe hao alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo. Wajumbe walivutwa sana na shule ya Tuskegee, iliyofunguliwa Marekani mwaka 1881 na Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa. Huko wanafunzi weusi walijenga majumba ya shule yao kwa mikono yao wenyewe, wakafyatua matofali na kuuza mengine.

Shauri la wajumbe lilikuwa kwamba shule ifuatane na maisha ya watu: kilimo, afya, nyumba, ufundi. Mwaka 1922 waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Louis Franck, aliweka tume ya kufikiri juu ya elimu ya Kongo. Mwaka 1929 ukatoka mpango ulioongoza shule za misheni kwa miaka mingi: madaraja mawili ya shule ya msingi, la kwanza miaka miwili na la pili miaka mitatu, kisha shule za pekee za kuwatengeneza walimu, makarani na mafundi. Serikali ilitoa msaada wa fedha kwa misheni za Kibelgiji zilizofuata mpango huo.

Mpango haukuwa mbaya kwa kila jambo. Kwa ajili yake watoto wengi sana walijua kusoma. Lakini tazama milango mitatu ile ya mwisho: mwalimu, karani, fundi. Wote watatu ni watu wa kuajiriwa. Hapakuwa na mlango wa nne. Aliyeota kuwa mfanya biashara mkubwa, mwenye kiwanda, hakimu au mganga mwenye cheo kamili hakuona njia mbele yake. Na kwa kuwa karani alivaa viatu, alikaa kivulini na kulipwa kila mwezi, wazazi walianza kusema: Soma, mwanangu, usije ukashika jembe. Basi, shule iliyoanzishwa ili ifundishe kilimo ikawa njia ya kukikimbia kilimo. Watoto hawakuwa wavivu. Waliona kwa macho yao nani anakula vizuri, wakachagua.

Uongozi ulifundishwa wapi?

Tusidhani kwamba Wazungu wa siku zile hawakujua kufundisha uongozi. Walijua sana. Waliuweka tu mahali pachache. Kule Tanganyika, serikali ya Waingereza ilikuwa na shule ya Tabora, iliyokusudiwa kwanza kwa wana wa watemi. Ndipo aliposoma kijana Julius Nyerere. Katika Ruanda-Urundi, Mabruda wa Upendo wa Ghent walianza mwaka 1929 shule ya Astrida, mahali paitwapo Butare siku za baadaye, na humo wakatoka watawala na wasaidizi wa serikali. Katika Bukavu yenyewe, iliyoitwa Costermansville siku hizo, Mapadre Wajesuiti walifungua mwaka 1938 koleji ya Bikira Maria wa Ushindi. Mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Leo twaiita Koleji Alfajiri, na watoto wa nchi ndio wanaoijaza.

Wanafunzi wa shule za namna hiyo walijifunza mambo ambayo hayakuandikwa ubaoni: kusimama na kusema mbele ya watu, kugawiwa daraka na kulitimiza, kuongoza kikosi, kutunza fedha za chama, kushindwa mchezo bila kununa. Mtoto wa mjumbe, mtoto wa mtemi, mtoto wa mwenye shamba la kahawa walipewa hayo kama urithi. Mtoto wa mfanyakazi alipewa ukapita: asimame mbele ya mstari, ahesabu wenzake, apeleke majina ya wachelewaji kwa mwalimu. Kapita ana fimbo lakini hana neno lake mwenyewe. Yeye ni sauti ya mwingine.

Bagira yazaliwa

Bukavu ilikua upesi baada ya vita vya pili. Mashamba ya kahawa, chai na kwinini yaliizunguka; nyumba za biashara zilijaa rasini mwa ziwa; na watu walishuka kutoka milimani kutafuta mshahara. Kadutu ilisongamana. Mwaka 1952 serikali ya koloni iliunda ofisi ya kujenga miji ya Waafrika, ambayo watu waliijua kwa herufi zake tatu, OCA. Ofisi hiyo ilijenga Léopoldville, Elisabethville, Usumbura na kwingineko. Na kwa Bukavu ilijenga Bagira.

Kwa hiyo Bagira haikuota yenyewe kama vijiji vinavyoota. Ilichorwa kwanza juu ya karatasi, kisha ikajengwa: nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, njia, bomba za maji, mahali pa soko, mahali pa shule, mahali pa kusali. Nyumba zilipangishwa au zikauzwa kidogo kidogo kwa watu wenye mshahara. Ulikuwa mji wa wafanyakazi: makarani, madereva, mafundi, watu wa viwandani, walimu. Baba alishuka mjini asubuhi na kurudi jioni. Mama alilima kipande alichokipata, au aliuza kidogo sokoni.

Watoto wa Bagira wa kwanza walikua basi katika mji uliopangwa na wengine. Kila kitu kilikuwa na mkubwa wake, na mkubwa huyo alikuwa mbali. Lilikuwa jambo la raha kwa upande mmoja, maana maji yalitoka na njia zilifagiliwa. Kwa upande mwingine lilifundisha somo la hatari bila maneno: kwamba mji hutunzwa na ofisi, wala si na wakaaji.

Mwaka 1954 waziri mpya wa makoloni, Auguste Buisseret, alianza kufungua shule za serikali zisizokuwa za dini. Palitokea mabishano makali kati ya serikali na Kanisa. Mabishano hayo yalishika watu wakubwa kwa muda mrefu: shule iwe ya nani? Lakini swali la mzazi wa Bagira, mtoto wangu atoke akiwa nani, liliachwa pembeni.

Siku ya uhuru na baada yake

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Katika shule za msingi walikuwamo watoto zaidi ya milioni 1.5, sifa ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Lakini Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Shina nene, matawi yamekatwa. Patrice Lumumba mwenyewe, waziri mkuu wa kwanza, alikuwa amefanya kazi ya karani wa posta Stanleyville, kisha mauzo ya bia Léopoldville; uongozi alijifunza katika vyama, katika magazeti na katika vitabu alivyojisomea usiku. Vivyo hivyo wenzake wengi. Shule iliwapa kalamu. Mengine walijitafutia wenyewe.

Bukavu ilionja uchungu wa miaka ile. Tangu Agosti mpaka mwanzo wa Novemba 1967, askari wa kukodiwa wa Jean Schramme waliushika mji, na vita vya kuwatoa viliharibu nyumba nyingi. Mwaka huo huo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Rais Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule iwe na shamba au karakana yake, na wanafunzi wafanye kazi humo. Lakini aliongeza jambo lililokosekana katika mapatano ya 1906: wanafunzi washiriki katika kuamua, waweke hesabu, na waone matunda ya uamuzi wao, mema na mabaya. Ni kweli kwamba katika shule nyingi wazo hilo liliharibika njiani. Shamba la shule likageuka kuwa adhabu, au shamba la mwalimu. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa sahihi: kazi isiyo na uamuzi humfanya mtu kuwa mtumishi, na uamuzi usio na kazi humfanya kuwa mzungumzaji.

Kwetu Kongo somo hilo lilikuja kwa njia ya maumivu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatwaliwe na wananchi. Wakagawiwa wakubwa na rafiki zao. Wengi wa waliopewa walijua kuandika barua nzuri. Hawakujua kununua mali mpya kabla ya ile ya zamani kwisha. Waliuza vilivyokuwamo rafuni, wakala fedha, wakafunga milango. Sukari ikapotea, dawa zikapotea, wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali, lakini hasara ilikwisha kuingia. Sisemi kwamba shule peke yake ndiyo ingaliweza kuzuia uroho. Nasema kwamba nchi iliyofundisha ukarani kwa miaka 60 ilipewa maduka kwa siku moja.

Shule nazo zilitikiswa. Mwisho wa 1974 serikali ilizitwaa shule za madhehebu. Haikuweza kuzibeba. Tarehe 26 Februari 1977 ilipatana na Kanisa Katoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, ikawarudishia uongozi wa shule huku mali na mishahara ikibaki juu ya serikali. Ndiyo maana mpaka leo twaziita shule za mapatano.

Wazazi waibeba shule

Mishahara ilibaki juu ya serikali kwa karatasi. Katika miaka ya 1980 fedha za elimu zilipungua mwaka kwa mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukutosha kununua hata gunia la unga. Bei zilipanda kwa maelfu kwa mia. Walimu waligoma, shule zikafungwa. Ndipo wazazi walipokaa na walimu na mapadre wakakata shauri: sisi wenyewe tutamlipa mwalimu. Fedha hizo waliziita primu. Lilikuwa shauri la kuokoa mwaka mmoja. Likadumu zaidi ya miaka 25.

Primu ilitoka wapi? Hapa, ndugu msomaji, yafaa tusimame kidogo na kuvua kofia. Baba wa Bagira aliyekuwa na mshahara alipoteza mshahara, au alilipwa fedha zisizonunua kitu. Mama ndiye aliyefunga kanga, akabeba mafungu ya mboga, samaki wadogo wa ziwani, unga wa muhogo, sabuni, mkaa. Wanawake kumi au kumi na watano waliungana katika likelemba: kila juma kila mmoja atoa kiasi, na mmoja apokea chote. Kwa zamu yake alilipa ada ya mtoto au alinunua bidhaa. Hawakusoma ujasiriamali popote. Walijua nani mwaminifu, nani hawezi kupewa zamu ya kwanza. Walijua kutenga mtaji na faida, hata bila kuandika. Na ambaye hakutenga alianguka, wenzake wakajifunza kwake. Baadaye vilienea katika Kivu ya Kusini vyama vya kuweka na kukopeshana viitwavyo muso, vyenye daftari, sanduku na funguo.

Kwa hiyo ujasiriamali Bagira ulianza sokoni kwa akina mama, ukaingia shuleni baadaye. Na mtoto aliyesomeshwa kwa fedha za sokoni alikaa darasani akifundishwa kana kwamba kazi ya mama yake si elimu.

Sheria ya tarehe 22 Septemba 1986 juu ya elimu ya taifa ilitoa nafasi kwa shule za binafsi zinazokubaliwa na serikali. Zilizidi kuongezeka kadiri shule za umma zilivyodhoofika. Nyingine zilikuwa za uchumi tu: mabanda ya mbao, walimu wasiojua wanachofundisha, mwenyewe akihesabu vichwa. Nyingine zilianzishwa na watu wenye nia njema, waliochoka kuona vijana wenye diploma wakikaa barazani miaka mitano wakingoja kuajiriwa na serikali isiyoajiri. Hao ndio walioanza kusema: tusingoje chuo kikuu, tuanze na mtoto mdogo.

Viongozi waliofundisha bila darasa

Miaka ile ile Bukavu ilifundishwa uongozi kwa mfano. Mwaka 1994 maelfu na maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia mjini. Mwaka 1996 vita vikafika. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, mzaliwa wa nchi hii, alikataa kuukimbia mji. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alikuwa amekaa Butembo miaka 30 akiwahimiza watu wajenge wenyewe barabara, shule na hospitali bila kungoja mji mkuu. Bukavu alisema wazi juu ya uporaji na mateso, akafukuzwa mjini na watawala wa siku zile tangu Februari mpaka Septemba 2000. Aliporudi watu walijaa njiani. Alikufa Italia tarehe 4 Oktoba mwaka huo.

Watoto walioyaona hayo wamekuwa wazazi. Wanajua kwamba kiongozi ni yule anayebaki watu wanapokuwa hatarini, na kwamba hodari wa kazi za umma huwatangulia wenzake kwa kushika sururu. Shule inayotaka kufundisha uongozi Bagira haina haja ya kutafuta mifano mbali.

Shule ya leo na hatari zake

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka elimu ya chini ya miaka minane: sita ya shule ya msingi na miwili inayofuata. Shule ndogo ya binafsi yaweza basi kumshika mtoto tangu miaka sita mpaka kumi na minne hivi. Ni muda mrefu wa kujenga tabia. Mwezi Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza neno la Katiba ya 2006, kwamba shule ya msingi ya umma ni ya bure. Wazazi walishukuru, na haki yao. Lakini madarasa yalifurika. Mwalimu mmoja akakabiliwa na watoto wengi hata hakujua majina yao. Wazazi wengine, wenye kidogo, wakawapeleka watoto wao shule za binafsi.

Hapo ndipo hatari ya kwanza inapokaa. Ikiwa uongozi unafundishwa mahali pa kulipia tu, tumerudi kule tulikotoka: mtoto wa mwenye nacho apewe uongozi, mtoto wa maskini apewe ukapita. Tofauti ni kwamba zamani rangi ilifunga mlango, na sasa ada ndiyo ingeufunga. Shule ya binafsi inayojua historia yake itatafuta njia: nafasi chache kwa wasioweza kulipa, ada ya kulipwa kwa mafungu, au kufungua milango siku za mapumziko kwa watoto wa jirani.

Hatari ya pili ni maneno matupu. Mtoto aweza kukariri maana ya kiongozi kama alivyokariri mito ya Ubelgiji babu yake. Hajajifunza kitu. Lakini mkabidhi darasa la tano bustani ya mchicha, au kazi ya kutengeneza sabuni. Wapige kura wamchague mtunza fedha. Waandike katika daftari: mbegu kiasi hiki, maji kiasi hiki, tumeuza kiasi hiki. Fedha zikipungua, asiwapige mtu. Wakae chini waitafute wenyewe ilipopotelea. Mwisho wa muhula waamue kwa sauti zao: tununue vitabu, tumsaidie mwenzetu mgonjwa, au tupande tena? Mtoto aliyepita hapo mara tatu amejua jambo ambalo wengi waliogawiwa maduka mwaka 1973 hawakulijua.

Hatari ya tatu ni kumpa mtoto mzigo wa mkubwa. Bagira wapo watoto wanaouza karanga usiku ili wale. Huo sio ujasiriamali, ni shida. Shule isiwaambie kwamba umaskini wao ni uvivu wao, wala isiwaahidi kwamba kila mtu atakuwa tajiri. Nchi ambayo njia zake zimebomoka na amani yake haidumu huwaangusha hata wafanya biashara hodari. Mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa wapiganaji wa AFC/M23. Shule zilifunga milango, benki nazo zikafunga, na watu walijiuliza tena watakula nini kesho. Siku kama hizo huonyesha wazi kwamba ujasiriamali bila uongozi mwema wa nchi ni nyumba bila paa.

Kipimo

Tumetoka mbali: kutoka hektari 100 za mwaka 1906, tukapita milango mitatu ya 1929, tukaona Bagira ikichorwa juu ya karatasi, maduka yakifungwa, akina mama wakiibeba shule juu ya vichwa vyao. Kila mara kosa lilikuwa moja: kutenga mkono na kichwa, kutenga kazi na shauri. Aliyefanya kazi hakuulizwa, na aliyeamua hakufanya kazi.

Basi mzazi anayetafuta shule asisome tu maneno yaliyoandikwa ukutani. Aingie uani, aulize mambo matatu. Je, watoto huamua jambo lolote wao wenyewe, na kuishi na matokeo yake? Je, mkuu wa shule huwaonyesha wazazi hesabu ya fedha zao, kama anavyotaka watoto waonyeshane? Je, mtoto wa mama muuza mboga ameheshimiwa humo, na mama yake amewahi kuitwa mbele ya darasa aeleze jinsi likelemba inavyokwenda?

Akijibiwa ndiyo kwa hayo matatu, ampeleke mtoto wake bila wasiwasi, hata kama ukuta ni wa mbao. Akijibiwa siyo, ajue kwamba hapo wanatengenezwa makapita wapya, ingawa wamepewa jina la viongozi.